Askari wa Upande Gani

Umeme ulikatika saa mbili,
kwa hiyo leo nasoma mavi ya watoto kwa jua.
Kioo cha chini ya hadubini nakigeuzia dirishani,
nakamata kipande cha mwanga juu ya mabati ya Cimpunda,
nakirusha ndani ya tone la kahawia.
Likipita wingu naacha kazi. Nangoja.
Kina mama nao wanangoja kando ya ukuta,
kila mmoja na kikopo amekifunika kwa kiganja
kama anayeficha yai.

Vikopo kumi na vinne, vyote vya kuhara.
Kimoja kilikuwa cha nyanya, kingine cha mafuta ya kujipaka;
manukato bado yamo, yanashindana.
Mpaka adhuhuri nimesoma kumi na kimoja.
Vinane vina wapangaji.
(Neno hilo ni langu. Daftarini naandika mengine.)

Mpangaji wa kwanza ana uso.
Sitii chumvi: uso, macho mawili, na mikia,
anapepesuka tone zima kama mlevi wa kasiksi,
na ukimtazama, naye anakutazama.
Wa pili hana umbo. Akitaka kutembea anajitungia mguu,
akifika anaumeza.
Wa tatu hajazaliwa. Yai tu, na koti lake lina matuta
kama kilima chetu kilivyojaa nyumba.

Ashuza, miaka mitatu, ana wa kwanza na wa tatu.
Nikamwita mama yake, Nabintu, muuza makaa wa Nyamugo,
nikamsomea kikaratasi:
mwanao ana askarisi.
Akamvuta mtoto katikati ya magoti.
"Askari wa upande gani?"

Foleni ikacheka. Nami nikacheka, kisha nikaacha,
maana hakuuliza kwa mzaha.
Mwanamke huyu amehama vijiji viwili kwa ajili ya neno hilo,
amelikimbia usiku, na godoro kichwani,
na sasa kijana wa koti jeupe anamwambia
limemtangulia, limepiga kambi
tumboni mwa mwanawe.

Minyoo, mama. Ile mirefu, myeupe.
"Aa." Mabega yakashuka. "Minyoo tu."

Hiyo *tu* ndiyo siipendi.
Minyoo tu. Tumbo tu. Ni meno tu, yanaota.
Kina mama kumi na mmoja, tisa wamenitajia meno.
Meno gani haya yanaota mwaka mzima,
yanamaliza mashavu, yanaacha macho?

Lakini nami nakaa kilima hiki.
Choo cha jirani wa juu ni ukuta wa jirani wa kati;
mvua ikinyesha ukuta hutoka jasho,
jasho linashuka, linatafuta njia,
na wa chini yupo, amekinga bidoni.
Bomba la avenyu yao lilikohoa mara ya mwisho
kabla Ashuza hajatungwa mimba.

"Chemsha maji," namwambia, kama nilivyofundishwa.
Ananionyesha viganja, vyeusi mpaka kwenye mistari ya bahati.
"Makaa ninayochemshia ni makaa ambayo sikuuza.
Nisipouza, nachemsha maji ya kupikia nini?"
Kikaratasi changu kina nafasi ya jina, umri, na majibu.
Swali halina mahali pake.

Wingu tena. Vikopo vitatu vimebaki.

Nikampa dawa ya chupa, ile chungu, ya huyu mwenye macho,
nikampa na kidonge cha yule wa koti.
Akainama kutafuta maji ya kumezea:
bidoni ya njano, iko miguuni pake,
kifuniko chake kipande cha mfuko.
Amekwisha kukizungusha.

"Hapana," nikasema, upesi mno, foleni ikageuka.
"Hiki kinatafunwa. Hakitaki maji."
Ashuza akatafuna, akakunja uso, akaomba kingine.
Jua likarudi kwenye kioo.
Nikainama.